Kukopa si kuiba: Jinsi T.S. Eliot alivyochezea maneno ya wengine

JE, mshairi anayechukua maneno ya watangulizi wake na kuyatia katika utungo wake ni msanii au mwizi?

Swali hili lilimwandama T.S. Eliot, mmoja wa vinara wa ushairi wa usasa wa Marekani. Alizaliwa St. Louis mwaka 1888, akahamia Uingereza mwaka 1914. Shairi lake mashuhuri, The Waste Land, lilichapishwa mwaka 1922. Lina mistari zaidi ya 430, na ndani yake mnasikika sauti za Dante, Shakespeare, Biblia na hata nyimbo za mitaani.

Hata hivyo, Eliot hakunakili tu. Mathalan, Geoffrey Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne ya 14, alifungua The Canterbury Tales kwa kusifu mvua ya Aprili inayoamsha mimea. Eliot alianza na mwezi uo huo, ila akaugeuza kuwa wa uchungu. Asiyemjua Chaucer ataona huzuni pekee. Amjuaye ataona pia furaha iliyotoweka.

Kwingineko, Eliot anadokeza wimbo wa dansi wa mwaka 1912 uliomtaja Shakespeare. Aliliongezea jina hilo silabi moja ili liyumbe kwa mdundo wa muziki. Kwa silabi hiyo tu, fasihi tukufu ikajikuta ukumbini ikicheza.

Mfano ulio bora zaidi unatoka India. Katika Upanishad, maandiko ya kale ya Kihindu, miungu, wanadamu na mashetani walimwendea baba yao, Prajapati, kutaka mafunzo. Aliwapa silabi moja tu: da, mlio wa radi. Miungu walisikia neno la kuwaagiza wajizuie, wanadamu watoe, mashetani wahurumie. Kila kundi lilisikia upungufu wake.

Eliot, aliyesomea Kisanskriti katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliingiza radi hiyo katika sehemu ya mwisho ya shairi lake. Lakini alibadilisha mpangilio: kutoa, fungu la wanadamu, kukatangulia. Hapa ndipo kukopa na kuchezea maneno vinapokuwa kitu kimoja, kwani silabi ya kale inapata maana mpya kwa kuhamishwa tu.

Hata umbo la shairi lina mkono wa mwingine. Mshairi mwenzake, Ezra Pound, aliifyeka rasimu hadi ikabaki takriban nusu. Rasimu hiyo ilitangazwa kupatikana katika maktaba ya umma ya New York mwaka 1968, ikachapishwa mwaka 1971.

Si wote waliofurahia. William Carlos Williams, mshairi aliyetaka lugha ya Wamarekani wa kawaida, alilalamika katika tawasifu yake ya mwaka 1951 kwamba shairi hilo liliwarudisha washairi darasani.

Eliot mwenyewe alieleza mwaka 1956 kuwa alianza kuandaa maelezo ya mwishoni mwa shairi ili kuwanyamazisha waliomshutumu kwa wizi wa maandishi.

Jibu lake la kina, hata hivyo, alikuwa amelitoa tangu 1920 katika makala kuhusu mtunzi Philip Massinger: mshairi hapimwi kwa alichochukua, bali kwa alichokifanya nacho.