"Eventually" si "labda"

Mwaka jana nilikaa kwenye mkutano wa wakaaji na kompani moja ya mine. Kijana alisoma karatasi ya Kiingereza, mwenzake akaieleza kwa Kifaransa, wa tatu akaileta kwa Kiswahili. Papa mmoja akainuka kwa hasira: karatasi inasema tutalipwa "eventually", maana yake labda watatulipa, labda hapana! Watu wakapiga kelele saa nzima. Kumbe "eventually" ni "mwishowe". Ni Kifaransa, "éventuellement", kinachosema "labda". Swali lenyewe, mwishowe ni lini, hakuna aliyeliuliza, na mkutano ukafungwa.

Tangu siku ile kundi letu la likelemba linachukua maneno matatu ya Kiingereza kila juma. Hatuchukui "table" na "window", hayo watoto wetu wanayajua. Tunachukua yale magumu yanayoandikwa kwenye mikanda ya kompani hapa Lualaba.

Neno lililotusaidia zaidi ni "livelihood". Wengine walidhani ni "maisha" tu. Ni riziki: shamba la mihogo, samaki wa ziwa la Nzilo unaowauza, makala, hata wateja wanaokufahamu sokoni. Mtu akihamishwa, nyumba inahesabiwa kwa urahisi kwa sababu inaonekana. Wateja hawaonekani. Lakini kanuni ya tano ya IFC, tawi la Benki ya Dunia, ya mwaka 2012, inataka riziki ya waliohamishwa irudishwe ilivyokuwa au iwe bora zaidi, na kompani nyingi kubwa duniani zinasema zinafuata kanuni hizo. Ukiona "livelihood" kwenye mukanda, usiulizie parsela peke yake. Ulizia na shamba, na meza yako ya soko.

La pili ni "turnover". Kodi ya mine ya mwaka 2002, iliyobadilishwa mwaka 2018, inaagiza kompani itoe angalau 0.3% ya "chiffre d'affaires" kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu. Kwa Kiingereza hiyo "chiffre d'affaires" ndiyo "turnover", nayo si faida. Ukiuza samaki wa franga 50,000, hiyo ni "turnover" yako. Ukiondoa bei ya kununulia, usafiri na pesa ya soko, kinachobaki ni "profit". Kwa hiyo kompani ikikuambia mwaka huu haikupata faida, sheria haikuulizia faida: katika kila dola 1,000 za mauzo, dola 3 ni za wakaaji. (Neno hilohilo linatumika pia kwa wafanyakazi wanaoacha kazi na wengine kuingia. Kiingereza nacho!)

Halafu kuna mapacha, "consult" na "consent". La kwanza ni kuulizwa maoni, la pili ni kukubali. Mtu anaweza kukuuliza leo na kufanya apendavyo kesho, kisha aandike kwamba mlikuwa "consulted", na hatakuwa amesema uongo. Kabla ya kutia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria, tazama juu ya ukurasa ni neno gani limeandikwa.

Na sisi tunapoandika, tujihadhari. "Demander" ya Kifaransa ni kuomba, lakini "we demand" ya Kiingereza ni kudai kwa nguvu. Mama wa kundi letu aliandika hivyo akiomba kazi ya usafi. Sasa anaandika "we request". Siku ya kudai ikifika, lile lingine analo tayari.

Tunavyofanya ni rahisi. Kila mmoja ana kaye. Neno, Kifaransa chake, Kiswahili chake, halafu sentensi moja ya nyumbani kwako mwenyewe. Bila sentensi hiyo neno linakimbia kabla bukari haijaiva. Asiyejua kuandika anasema sentensi yake kwa sauti, na binti yake anaiandika.

Juma lijalo tunachukua "grievance", "deadline" na "witness". Mwenye mukanda wa Kiingereza nyumbani auleta, tuusome pamoja.