Umemwomba mtoto wako msamaha?

Mama wa Nyasura anamchapa mtoto wa miaka minne kwa kukojoa kitandani. Kliniki anaelezwa kwamba mtoto wa umri huo hafanyi makusudi, mwili wake bado unakomaa. Jumapili anatubu kwa Mungu. Kwa mtoto anakaa kimya, akiogopa kushuka heshima.

Hapo jirani, Butiama, alitoka mtu mwenye mengi zaidi ya kupoteza. Mwalimu Nyerere, aliyebatizwa Mkatoliki mwaka 1943, alifuta serikali za mitaa mwaka 1972 na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Mwaka 1984, akiwa bado Rais (si jambo dogo!), alikiri hadharani kwamba angeanza upya asingefanya hayo mawili. Vyote vilirejeshwa. Leo Kanisa lake linamwita Mtumishi wa Mungu.

Basi mwite mtoto, kaa naye chini. "Nilikuchapa bure, mwanangu. Nisamehe." Usiongeze "lakini na wewe". Kisha fimbo iondoke, na kila usiku akojoe kabla ya kulala. Akizidi miaka saba bado anakojoa kitandani, au akianza tena baada ya kuacha, mpeleke kituo cha afya.