Gari la Kale la Marehemu: Ni la Nani, na Je, Lina Zaka?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake.

Tumeulizwa na familia moja ya Ukerewe. Baba yao alifariki akaacha gari aina ya Ford la miaka ya 1920, alilolinunua likiwa bovu ili alifufue. Gari lipo Buhongwa, Mwanza, kwa mwanawe mkubwa, aliyelitengeneza kwa fedha zake. Sasa linawaka, wanunuzi wamejitokeza, naye anasema lilikuwa chuma chakavu tu, kwa hiyo ni lake. Je, ni kweli? Na lina zaka?

Kwanza, lilikuwa mali hata kabla ya kutengenezwa. Ford ilitoa zaidi ya magari milioni 15 ya Model T kati ya mwaka 1908 na 1927, lakini mengi yameliwa na kutu. Wakusanyaji wa magari ya kale hutazama kama injini, chesisi na bodi ni vya asili. Ndiyo maana hata gari lisilowaka huwa na bei.

Pili, mali ya marehemu ni ya warithi wote baada ya kutolewa gharama za mazishi, madeni na wasia usiozidi theluthi moja. Suratun Nisaa, aya ya 11 na 12, imeweka mafungu. Wakiwa ni mjane, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja, thamani ya gari hugawanywa mafungu 40: mjane 5, kila mwana wa kiume 14, na binti 7.

Tatu, gharama za kaka. Kama ndugu walimruhusu kwa makubaliano kwamba atarudishiwa, hilo ni deni lake. Kama hakuwaomba idhini, katika madhehebu ya Shafii anahesabiwa amejitolea. Vipuri vyake vinavyofunguka bila kuliharibu gari ni vyake, ila kazi na rangi hana haki ya kuvidai. Hata hivyo, ni wema ndugu wakimfuta jasho kwa ridhaa.

Nne, zaka. Kitu cha kuhifadhi au kutumia hakina zaka, hata kikiwa cha thamani kubwa. Kama baba alilinunua kwa nia ya biashara, zaka ya asilimia 2.5 ya bei ya soko kwa kila mwaka aliowajibika, kama hakuilipa, ni deni linalotolewa kabla ya kugawa. Kwa warithi, gari la urithi si bidhaa ya biashara. Likiuzwa, kila mmoja ahesabu mwaka wa fedha zake zikifikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu.

Tano, mnunuzi aambiwe ukweli. Kuuza kipuri kipya kwa jina la kipuri cha asili ni udanganyifu, na Mtume (s.a.w.) alimkemea vikali aliyeficha chakula kilicholowa chini ya kikavu.

Tunawanasihi waite mafundi wawili waaminifu walithamini, waandike, na kaka akilitaka awalipe wenzake mafungu yao. Mama na dada wasisahauliwe kwa kuwa wako mbali, ng'ambo ya ziwa.

Wallahu a'lam.