Gari Moja la Zimamoto, Watu 24

Mnajua jinsi Lubumbashi ilivyo mwezi wa Agosti. Mvua imekatika tangu miezi mingi, majani yamekauka, upepo wapeperusha vumbi, na katika nyua nyingi mbabula zinawaka makala. Umeme ukikatika, mishumaa huwashwa. Cheche moja yatosha. Hapo watu hupiga kelele: "Waiteni mapompie!" Lakini ni wachache wanaojua jinsi kazi ya wazima-moto inavyopangwa, na kwa nini gari jekundu peke yake haliwezi kuuokoa mji.

Tuanze na gari lenyewe. Kwa utaratibu wa Kifaransa, gari kubwa la zimamoto huchukua watu 6 au 8. Tuwatazame wale 6. Mmoja ni mkuu: yeye hashiki mpira wa maji, bali huutazama moto, huamua na kuamuru. Wa pili ni dereva. Gari likisimama, hubaki penye pampu akilinda nguvu ya maji. Wanne waliosalia hufanya kazi wawili wawili: wawili huukabili moto, na wawili huwapatia wenzao maji. Hakuna aingiaye ndani peke yake, maana mara nyingi moshi humwangusha mtu kabla moto haujamfikia.

Sasa tufanye hesabu. Nanyi wanafunzi, shikeni kalamu. Juma moja lina saa 168. Mtu akifanya kazi saa 42 kwa juma, nafasi moja tu yahitaji watu 4 ili isikae wazi usiku wala mchana. Nafasi 6 mara 4 ni watu 24. Na bado hatujawahesabu wagonjwa, walio likizoni, wala yule apokeaye simu. Basi gari laweza kununuliwa kwa siku moja, lakini kikosi hujengwa kwa miaka, kwa mishahara na mazoezi. Paris ilijifunza hayo kwa uchungu. Mwezi wa Julai 1810 moto uliwaua watu katika karamu ya balozi wa Austria, na mwaka 1811 Napoleon akaunda kikosi kipya cha zimamoto, chenye nidhamu ya kijeshi.

Sheria kali kuliko zote ni ile ya viwanja vya ndege, kama Luano wetu unaosimamiwa na RVA. Kanuni ya kimataifa yataka wazima-moto wa uwanja waweze kufika mwisho wa kila njia ya ndege kwa dakika zisizozidi 3. Idadi ya magari nayo hufuata ukubwa wa ndege: ndege ya mita 40 yahitaji magari 2, na ile ya mita 60 yahitaji 3.

Mjini hakuna kanuni iwezayo kuifupisha njia. Tuna komini 7: Lubumbashi, Kenya, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Ruashi na Annexe. Kutoka upande mmoja hadi mwingine ni mbali, na si kila barabara ipitikayo na gari zito. Kwa hiyo dakika za kwanza ni za jamaa wenyewe.

Baba, ikiwa madirisha yana vyuma, ufunguo wa mlango ukae usiku mahali panapojulikana na wote. Mama, mafuta yakiwaka sufuriani, usiyamwagie maji. Yafunike kwa kifuniko. Umeme ukatwe kabla maji hayajamwagwa. Watoto wafundishwe kutoka nje wala wasirudi kuchukua kitu. Kijana mmoja asimame barabarani kuwaongoza wazima-moto, na njia iwe wazi.

Mtu mwingine awahesabu watu wa nyumba, maana swali la kwanza la mkuu yule litakuwa hili: "Je, kuna mtu aliyebaki ndani?" Jibu la hakika litawaonyesha wale wawili wawili pa kuanzia.