Sindano ya Tako na Wayo Unaoanguka

Mtoto ana homa kali, anatapika kila anachomeza, na mama amemfikisha kliniki ya Buwenge, Uganda, usiku. Anachomwa kwinini takoni. Baada ya siku tatu malaria imeondoka, mtoto anacheka, ila akisimamishwa wayo mmoja unaanguka. Miezi ikipita, utamjua kwa kandambili zake: moja imelika ncha, kisigino chake bado kizima.

Majirani watasema ni polio, wengine watasema amerogwa. Sivyo. Ndani ya tako, upande wa chini, hupita neva ya siatiki, nene kuliko neva zote mwilini. Mtoto aliyekonda hana nyama ya kuikinga. Na kwinini ni kali: si lazima sindano iichome neva yenyewe, dawa ikimwagika kando yake inatosha kuidhuru. Polio haiondoi hisia. Neva iliyodhurika huziondoa. Mguse mtoto juu ya wayo, na pengine hatasikia kitu.

Huko mjini Kumi, kaskazini mwa Mbale, wapasuaji wamekutana na jeraha jingine: watoto ambao misuli ya matako imegeuka kovu gumu, hata kuchuchumaa vizuri hawawezi. Nalo linahusishwa na sindano za tako zilizorudiwarudiwa.

Wakubwa nao wana yao. Mkata miwa aliyechoshwa na maumivu ya kiuno huenda siku moja akashauriwa kuchomwa dawa ya steroidi karibu na uti wa mgongo. Baadhi ya steroidi hizo zina chembechembe, na zikiingia katika mshipa wa damu unaolisha uti, huweza kuuziba, miguu ikapooza. Aprili 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya hatari hiyo. Ni nadra, lakini ulemavu wake huweza kuwa wa kudumu.

Kwa mtoto mwenye malaria kali, tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza atesuneti badala ya kwinini. Ikibidi kuchomwa kwenye msuli, ni paja, kwa mbele.

Basi mama, kabla sindano haijaingia, uliza: ni dawa gani, na unamchoma wapi? Mguu ukilegea, usingoje upone wenyewe. Mpeleke hospitali mapema, wayo ufungwe gango na aanze mazoezi ya viungo kabla kano za kisigino hazijakakamaa.