Kwa Nini Tunapinga Uchimbaji wa Madini Chini ya Bahari



Tukisikia habari za madini, wengi wetu tunawaza Geita, Mererani au Kolwezi. Siku hizi yapo makampuni yanayoitamani sakafu ya bahari. Ili tuelewe hatari yake, tutazame Papua Guinea Mpya, katika Pasifiki, ambako waamini wenzetu wamekutana na jambo hili mlangoni pao.

Mradi wa Solwara 1

Januari 2011 serikali ya nchi hiyo iliipa kampuni ya Nautilus Minerals ya Kanada leseni ya kuchimba shaba na dhahabu katika Bahari ya Bismarck, kilomita 30 hivi kutoka kisiwa cha New Ireland, kwenye kina cha mita 1,600 hivi. Mradi uliitwa Solwara 1; katika lugha ya Tok Pisin, solwara ni bahari, yaani maji ya chumvi. Mashine kubwa zingeusaga mwamba, tope lenye madini lingevutwa hadi melini kwa bomba, kisha maji yarudishwe chini.

Madini hayo yako kwenye chemchemi za maji moto. Maji ya bahari hupenya kwenye nyufa za mwamba, huchemshwa na joto la volkano, kisha hutoka yamebeba madini ambayo huganda na kujijenga kama mabomba ya moshi. Jua halifiki huko. Bakteria hujitengenezea chakula kwa kemikali za maji hayo, na konokono, kamba na minyoo huishi kwa kuwategemea bakteria. Wanasayansi waligundua maisha ya namna hii mwaka 1977 tu, karibu na visiwa vya Galápagos. Anayeusaga mwamba huo anasaga nyumba pamoja na wenyeji wake, na tope linalotimka husambazwa na mikondo mbali na machimbo.

Pwani yetu inaujua mfano mdogo wa jambo hili. Mvuvi wa baruti hujaza mtumbwi siku moja, lakini matumbawe aliyoyavunja huchukua miaka mingi kurudi, kama yatarudi.

Watu na Kanisa lao

Huko New Ireland wako wavuvi wanaowaita samaki papa kwa kutikisa njuga za vifuu vya nazi majini, kisha huwanasa kwa kitanzi. Kwao bahari ni shamba, na pia ni urithi wa wazee. Isitoshe, wananchi wa nchi hiyo walikuwa wameshaona ahadi za migodi. Mgodi wa shaba wa Panguna, kisiwani Bougainville, uliharibu mito na kuchochea vita vya karibu miaka 10.

Jumuiya za pwani ziliungana kuupinga mradi, na Kardinali John Ribat, Askofu Mkuu wa Port Moresby, alisimama nazo hadharani. Mwaka 2019 kampuni ilifilisika kabla ya kuanza kuchimba. Tusijidanganye: iliangushwa na ukosefu wa fedha, si na upinzani peke yake. Lakini serikali ilikuwa imenunua hisa asilimia 15, na zaidi ya dola milioni 100 za Marekani zikapotea.

Hoja ya upande wa pili

Wanaotetea uchimbaji huu wanasema dunia inahitaji metali za kutengeneza betri, na kwamba bahari itaipunguzia mzigo nchi kavu. Hoja hii si ya kudharau. Tunajua mateso ya wachimbaji wa kobalti nchini Kongo. Hata hivyo, kufungua mgodi baharini hakufungi ule wa nchi kavu. Haki kwa mchimbaji wa Kolwezi inadaiwa huko huko Kolwezi.

Kitabu cha Mwanzo kinatuambia kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na pia aitunze. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba mradi unaoweza kuleta madhara makubwa yasiyorekebishika usimamishwe au ubadilishwe, hata kama uthibitisho kamili haujapatikana. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwenye mradi, si wa mvuvi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sisi tufanye nini?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unasema sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi ni urithi wa pamoja wa wanadamu. Inasimamiwa na Mamlaka yenye makao yake Kingston, Jamaika, na Tanzania na Kenya ni wanachama. Zaidi ya nchi 30 zimekwisha kutaka uchimbaji usitishwe, angalau kwa muda.

Basi tuwaulize viongozi wetu: sauti yetu huko Kingston inasema nini? Tulizungumze katika jumuiya ndogondogo. Nasi tunaojiandaa kwa upadre tujifunze mambo haya sasa, kwa maana huenda kesho tukatumwa parokia ya wavuvi.