Kompyuta na Upangaji wa Gharama za Ujenzi

Katika sehemu nyingi za Tanzania huonekana majengo yaliyofika kwenye linta kisha yakaachwa bila paa. Watu huyaita maboma. Sababu zake ni nyingi. Mojawapo ni kadirio la gharama ambalo jumla yake ni sahihi, lakini halikuonyesha mapema ni hatua gani ya ujenzi ambayo fedha zingekwisha. Dawa ya kasoro hiyo ni upangaji wa vipengele vya gharama katika makundi, kazi ambayo siku hizi hufanywa kwa msaada wa kompyuta.

Kipengele cha gharama

Mkadiriaji majenzi husoma michoro ya jengo na kuandika kila kazi kama kipengele kimoja. Kila kipengele kina maelezo, kiasi, kizio, na bei ya kizio kimoja. Gharama hupatikana kwa kuzidisha kiasi kwa bei. Kwa mfano, zege la msingi likiwa mita za ujazo 3, na bei ya kila mita ya ujazo ikiwa shilingi 300,000, gharama ya kipengele hicho ni shilingi 900,000. Jengo kubwa huweza kuwa na maelfu ya vipengele, na orodha ndefu namna hiyo haisomeki bila kupangwa.

Njia mbili za kupanga

Njia ya kwanza hufuata aina ya kazi: zege lote huwekwa pamoja, matofali yote pamoja, na mbao zote pamoja. Ndiyo njia ya mwongozo uitwao MasterFormat, unaotumika Marekani na Kanada. Katika mwongozo huo kundi namba 03 ni la zege na namba 04 ni la uashi. Toleo la mwaka 2004 liliongeza makundi yake kutoka 16 hadi 50, mengine yakiachwa wazi kwa matumizi ya baadaye. Njia hii humfaa mwenye kununua vifaa na kuajiri mafundi.

Njia ya pili hufuata sehemu za jengo, yaani msingi, sakafu, kuta na paa. Nchini Uingereza njia hii ilipata nguvu katika ujenzi wa shule baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati Wizara ya Elimu ilipohitaji kulinganisha gharama za shule moja na nyingine, sehemu kwa sehemu.

Mfano wa darasa moja

Chukua kadirio la darasa dogo, kwa tarakimu za mfano tu:

Zege la msingi, shilingi 900,000
Zege la sakafu, 1,200,000
Zege la linta, 700,000
Matofali ya msingi, 1,000,000
Matofali ya kuta, 2,400,000
Mbao za paa, 1,800,000
Mbao za milango, 600,000
Mabati ya paa, 2,400,000

Jumla ni shilingi 11,000,000. Kwa aina ya kazi, zege ni 2,800,000, matofali 3,400,000, mbao 2,400,000 na mabati 2,400,000. Msomaji huona kwamba matofali ndiyo ghali kuliko vyote. Lakini linta na milango ikihesabiwa pamoja na kuta, mpango wa sehemu za jengo hutoa picha nyingine: msingi 1,900,000, sakafu 1,200,000, kuta 3,700,000, na paa 4,200,000. Paa peke yake huchukua zaidi ya theluthi moja ya fedha zote. Katika mpango wa kwanza gharama hiyo ilifichika, kwa kuwa iligawanyika kati ya mbao na mabati.

Kamati ya ujenzi yenye shilingi 7,000,000 mkononi sasa inajua mambo yalivyo. Msingi, sakafu na kuta zitachukua 6,800,000, na paa zima, isipokuwa shilingi 200,000, halina fedha. Kamati inaweza kutafuta shilingi 4,000,000 zilizopungua kabla ya kuchimba msingi, badala ya kuziacha kuta zinyeshewe mvua.

Kazi ya kompyuta

Katika karatasi kipengele hukaa mahali pamoja tu. Katika kompyuta si lazima iwe hivyo. Kila kipengele hupewa namba yake ya utambulisho na alama mbili, moja ya kazi na nyingine ya sehemu ya jengo. Zege la linta, kwa mfano, hubeba alama ya zege na alama ya kuta. Kupanga upya ni kuuliza swali jingine tu. Orodha yenyewe haiguswi.

Programu nyingi za makadirio zina mlango wa pili ambao hautumiwi na watu bali na programu nyingine. Wataalamu huuita API. Hufanana na dirisha la karani: maombi hupokewa kwa maneno yaliyokubaliwa, na majibu hutolewa kwa utaratibu uleule. Programu ya nje huomba orodha ya vipengele, husoma alama zao, huagiza makundi yaundwe, kisha huomba jumla ya kila kundi. Kazi ya siku nzima hukamilika kwa muda mfupi.

Hata hivyo kompyuta haina busara, na mambo matatu huhitaji uangalifu. Kwanza, kundi lihifadhi namba ya kipengele, si nakala yake. Nakala zikiwa mbili, bei ya saruji ikipanda moja husahauliwa, au gharama huhesabiwa mara mbili. Pili, kipengele kisicho na alama kiwekwe katika kundi la visivyopangwa, kisije kikapotea kimya kimya. Tatu, vizio visichanganywe: mita za ujazo za zege hazijumlishwi na mita za mraba za mabati. Kinachojumlishwa ni fedha.

Kipimo cha usahihi ni chepesi. Jumla ya makundi yote haina budi kulingana na jumla ya orodha ya awali. Wanafunzi wanaweza kulithibitisha hilo kwa kuorodhesha vipengele vya darasa lao, kuvipanga kwa njia zote mbili, na kulinganisha majibu. Jumla zikitofautiana, kuna kipengele kilichoachwa au kilichohesabiwa mara mbili, nacho ni lazima kitafutwe kabla kadirio halijatiwa sahihi.